Mtoto Anaposafiri Ng'ambo na Wenzake: Mficha Maradhi Kilio Humuumbua

Siku hizi si jambo geni kusikia kwamba kikundi cha wanafunzi wa sekondari kimealikwa kwenda ng'ambo kwa wiki mbili au tatu. Majimbo yetu na shule zetu zina marafiki huko. Jimbo la Mbinga, kwa mfano, lina uhusiano wa kidugu na Jimbo la Würzburg nchini Ujerumani tangu mwaka 1989, na ziko shule kadhaa za Tanzania zenye shule rafiki katika nchi hiyo hiyo. Barua ya mwaliko ikifika, nyumbani huwa shangwe. Baba anahangaikia pasipoti, mama anaulizia bei ya sanduku, na bibi anasuka kikapu cha zawadi.

Katikati ya pilikapilika hizo kuna swali moja ambalo familia nyingi hulipita haraka: je, mtoto huyu ana afya gani? Fomu ya safari huwa na nafasi ya kuandika magonjwa aliyonayo mtoto. Mzazi anaitazama, anakumbuka kwamba mwanawe huanguka kifafa, au hubanwa na pumu, au hulazwa kila mwaka kwa selimundu. Halafu anaandika neno moja tu: "Hana." Anaogopa kwamba akiandika kweli mtoto ataachwa na nafasi yake apewe mwingine.

Wazazi wapendwa, mwezi huu ukurasa wetu unazungumzia neno hilo "Hana" na hatari iliyomo ndani yake. Tutachukua mfano wa safari ya Ujerumani, lakini mengi ya haya yanafaa kwa safari ya nchi nyingine yoyote.

KWA NINI "HANA" NI NENO LA HATARI

Nyumbani, ugonjwa wa mtoto haufichiki. Mama akimsikia anasema mifupa inauma, anajua la kufanya. Jirani anajua, na muuguzi wa zahanati analo daftari lake. Lakini ugenini mtoto atalala katika nyumba ya watu waliomfahamu jana. Akianguka usiku wa manane, wenyeji wake hawatajua kama ni kifafa, malaria, kisukari au sumu. Mwalimu aliyefuatana naye huenda amelala nyumba nyingine, kilomita kumi kutoka hapo. Daktari atalazimika kuanza kutafuta tangu mwanzo, na saa zinazopotea hapo ndizo zinazoua.

Kuna jambo la pili. Ili kupata viza ya kuingia Ujerumani na nchi nyingine za mkataba wa Schengen, msafiri hutakiwa awe na bima ya matibabu ya safari isiyopungua euro 30,000. Bima nyingi za namna hiyo hazilipi gharama za ugonjwa uliojulikana tangu zamani, hasa kama haukutajwa wakati wa kukata bima. Mzazi aliyeandika "Hana" anaweza kujikuta anadaiwa fedha za hospitali ambazo hata ukoo mzima ukichangishana hautazimaliza. Basi, kabla ya kulipa, someni masharti ya bima pamoja na mtu anayeyaelewa, na ulizeni waziwazi: "Mtoto wetu ana ugonjwa huu. Mnaulipia au hamuulipii?"

MAGONJWA AMBAYO HUFICHWA ZAIDI

Selimundu. Tanzania ni mojawapo ya nchi zinazozaliwa watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huu duniani. Wengi wao leo wanasoma sekondari, nao wana haki ya kusafiri kama wengine. Lakini lazima wajiandae. Ndani ya ndege hewa hurekebishwa iwe kama ya mahali penye kimo cha mita 1,800 hadi 2,400 juu ya bahari, yaani karibu sawa na kusimama Njombe mjini au juu zaidi. Kwa mtu mzima wa afya hilo si neno. Kwa mwenye selimundu, upungufu huo wa oksijeni, pamoja na ukavu wa hewa na kukaa bila kunywa maji, unaweza kuamsha maumivu makali. Baridi nayo huyaamsha, hata ile ya kuogelea katika maji baridi wakati wa kiangazi. Daktari wake amwone wiki kadhaa kabla ya safari na aamue kama anaweza kuruka. Safarini anywe maji mara kwa mara, avae nguo za kumtia joto, na asikose dawa zake. Akipata homa, maumivu ya kifua au kupumua kwa shida, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Kifafa. Mambo mawili huleta degedege kwa urahisi: kukosa dawa na kukosa usingizi. Safari huyaleta yote mawili. Mwezi Juni, jua la Ujerumani huzama karibu saa tatu na nusu usiku, na vijana wanaona bado ni mchana, hivyo hawalali. Kiongozi ajue nani lazima alale mapema. Ajue pia la kufanya mtoto akianguka: amlaze ubavu, aondoe vitu vinavyoweza kumuumiza, asimtie kitu chochote mdomoni, na atazame saa. Degedege likipita dakika tano, aite gari la wagonjwa.

Pumu. Hewa baridi, manyoya ya paka na mbwa waishio ndani ya nyumba, na vumbi la maua ya majira ya kuchipua huweza kumbana mtoto ambaye hapa kwetu amekaa miezi bila shida. Pampu yake iwe mfukoni mwake, wala isiwe kwenye sanduku. Familia itakayompokea iambiwe mapema, ili wasimpangie chumba anacholala paka.

Kisukari. Insulini isiwekwe kwenye mizigo inayokwenda chini ya ndege, maana inaweza kuganda kwa baridi na kuharibika, au sanduku likapotea. Mtoto awe na kitu kitamu karibu, kwani chakula cha ndege hakifuati saa zake.

Virusi vya UKIMWI. Wapo vijana katika shule zetu waliozaliwa na virusi hivi, wanameza dawa kila siku, na wana nguvu kama wenzao. Wazazi wao na walezi wao ndio wanaoogopa zaidi kusema. Ijulikane kwamba Ujerumani haimkatazi mtu kuingia kwa matembezi mafupi kwa sababu ya kuwa na virusi. Kinachoweza kumdhuru kijana huyo ni kuacha dawa kwa wiki mbili kwa kuogopa kuonwa akizimeza. Mtu mzima mmoja anayeaminika katika msafara ajue, ili amsaidie kupata faragha na kumkumbusha saa.

Kifua kikuu. Mtoto anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, anayetoka jasho usiku au anayekonda, apimwe kabla ya kitu kingine chochote. Kifua kikuu hutibika. Lakini kumsafirisha mtoto anayekohoa bila kupimwa ni kumdhuru yeye, wenzake waliokaa naye ndani ya ndege, na wenyeji waliomfungulia mlango kwa upendo.

HOMA UGENINI: "NIMETOKA TANZANIA"

Kuna ugonjwa mmoja ambao mtoto anaweza kuubeba pasipo yeye wala mzazi wake kujua. Malaria ya kwetu kwa kawaida hujitokeza kati ya siku 7 na siku 30 baada ya mtu kuumwa na mbu mwenye vimelea. Maana yake, mtoto aliyeumwa na mbu wiki ya mwisho akiwa nyumbani anaweza kupanda ndege akiwa mzima kabisa, akashikwa na homa wiki ya pili akiwa Ujerumani.

Hapa kwetu, homa ikitokea, wazo la kwanza la kila mtu ni kupima malaria. Kule si hivyo. Wagonjwa wa malaria wanaoonekana Ujerumani karibu wote wameipata nje ya nchi hiyo, na daktari wa mtaa anaweza kukaa muda mrefu bila kumwona hata mmoja. Akimwona kijana mwenye homa, maumivu ya kichwa na uchovu, anaweza kudhani ni mafua makali na kumwambia akapumzike. Lakini malaria isiyotibiwa inaweza kugeuka kuwa kali ndani ya saa 24 tu.

Kwa hiyo, kila mwanafunzi afundishwe sentensi moja na aikariri kama anavyokariri jina lake: "Nimetoka Tanzania. Tafadhali nipimeni malaria." Kwa Kijerumani ni hivi: "Ich komme aus Tansania. Bitte testen Sie mich auf Malaria." Iandikwe kwenye kikaratasi pamoja na tarehe aliyoondoka nyumbani, ikae ndani ya pasipoti. Familia ya wenyeji nayo iambiwe siku ya kwanza kwamba homa ya mtoto huyu haisubiri kesho.

Na kabla ya safari? Mtoto alale ndani ya chandarua kila usiku, hasa wiki zile za mwisho ambazo watu hukesha wakimuaga. Akiwa na homa siku chache kabla ya kuondoka, apimwe. Asimeze dawa ya malaria kwa kubahatisha, "ili tu awe salama". Tabia hiyo inaweza kuficha ugonjwa bila kuumaliza.

CHANJO NA KADI

Tafuteni kadi ya kliniki ya mtoto mapema. Msiambiane tu kwamba "alichanjwa zote". Surua bado huzuka Ulaya, na tangu tarehe 1 Machi 2020 sheria ya Ujerumani inazitaka shule zidai uthibitisho wa kinga ya surua kwa wanafunzi wao. Kama wageni wataingia darasani, viongozi waulize shule rafiki inahitaji nini. Kumbukeni kwamba dozi ya pili ya chanjo ya surua iliingia katika ratiba ya kawaida ya watoto wetu mwaka 2014. Kijana aliyezaliwa miaka kadhaa kabla ya hapo huenda alipata dozi moja tu utotoni, mbali na zile za kampeni. Muuguzi atashauri kama anahitaji nyingine. Aulizwe pia kuhusu pepopunda.

Homa ya manjano je? Ujerumani haidai kadi hiyo. Hata hivyo, kikundi kikipita Addis Ababa au Nairobi na kukaa uwanjani zaidi ya saa 12, Tanzania inaweza kuidai wakati wa kurudi. Chanjo hii hutambuliwa kuanzia siku ya 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha yote. Hapa tena, kuficha maradhi ni hatari: chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na mtu ambaye kinga ya mwili wake imeshuka sana hapaswi kuipata kabla ya kumwona daktari.

DAWA ZIKAE WAPI

Dawa za kila siku zikae kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake za asili zenye majina. Vidonge vilivyofungwa katika karatasi ya daftari vitazua maswali mengi kwa ofisa wa forodha, na hata daktari hatavitambua. Beba zinazotosha siku zote za safari, na za wiki moja zaidi.

Pamoja na dawa iwepo barua ya daktari yenye jina la mtoto kama lilivyo kwenye pasipoti, jina la ugonjwa, jina halisi la dawa, na kipimo chake. Kwa dawa za kifafa kama fenobabitoni, barua hiyo ni ya lazima kabisa, kwa kuwa dawa hizo zinadhibitiwa kisheria. Dawa za maji zinazozidi mililita 100 pia huruhusiwa kupita ukaguzi wa uwanja wa ndege zikihitajika safarini, lakini zitolewe zionekane na ziwe na barua.

Angalieni saa. Wakati wa kiangazi Ujerumani iko nyuma yetu kwa saa moja, na wakati wa baridi kwa saa mbili. Dawa inayomezwa nyumbani saa mbili usiku, kule wakati wa kiangazi itamezwa saa moja jioni.

Nyama na maziwa kutoka nyumbani, hata nyama iliyokaushwa vizuri, haviruhusiwi kuingizwa na wasafiri katika nchi za Umoja wa Ulaya. Zawadi ya kahawa au kikapu itatosha. Maji ya bomba ya Ujerumani ni salama kunywa, hivyo hakuna haja ya mtoto kukaa na kiu kwa sababu hana fedha za kununua chupa.

MADOGO YANAYODHARAULIWA

Barabara. Magari ya Ujerumani hupita upande wa kulia. Tangu utoto mwanafunzi wetu amefundishwa kutazama kulia kwanza kabla ya kuvuka. Kule gari la kwanza litatoka kushoto. Fanyeni mazoezi hapa hapa, kwenye uwanja wa shule, kabla ya kuondoka. Pia wajue kwamba njia ya baiskeli si ya kutembea kwa miguu.

Maji. Wenyeji hupenda kuwapeleka wageni ziwani au kwenye bwawa la kuogelea. Mtoto asiyejua kuogelea aseme hivyo bila aibu. Kucheka pamoja na wenzake akiwa kando ya maji ni bora kuliko kuzama kwa kuona haya.

Baridi. Mwezi Desemba jua huzama kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, na baridi hushuka chini ya sifuri. Nguo nyingi nyepesi zilizovaliwa moja juu ya nyingine hutunza joto kuliko koti moja zito. Kofia, glovu na viatu visivyopitisha maji ni sehemu ya dawa.

Kupe. Kusini mwa Ujerumani, kupe wa majanini na msituni huweza kuambukiza watu magonjwa. Jioni baada ya matembezi, kila mmoja ajikague makwapani, kinenani na nyuma ya magoti. Kupe aliyeng'ang'ania atolewe mapema kwa kibano, bila kumpaka mafuta.

Meno na hedhi. Jino bovu litibiwe kabla, maana linaweza kuuma sana ndani ya ndege. Wasichana wabebe taulo zao za kutosha na dawa ya maumivu waliyoizoea, na awepo mama au mwalimu wa kike katika msafara wanayeweza kumweleza shida zao.

WAJIBU WA KIONGOZI WA MSAFARA

Tumewasihi wazazi waseme kweli. Lakini kweli hiyo haitasemwa kama viongozi wataitumia vibaya. Mwalimu anayefuta jina la mtoto mara tu anaposikia neno "kifafa" anawafundisha wazazi wote waliobaki kuandika "Hana". Na mwalimu anayetangaza habari za mtoto mbele ya kikundi anamvunjia heshima, na hataaminiwa tena.

Njia nzuri ni hii. Kila familia iandike karatasi moja: ugonjwa, dawa, vitu vinavyomdhuru mtoto, simu za wazazi, na jina la daktari. Karatasi iwekwe ndani ya bahasha na kufungwa. Bahasha zishikwe na kiongozi na msaidizi wake tu. Daktari, si mwalimu wala kamati, ndiye aseme kama mtoto anaweza kusafiri. Familia ya wenyeji iambiwe yale tu yanayohitajika ili kumlinda mtoto, na kwa ruhusa ya wazazi. Jambo hili lisemwe katika kikao cha kwanza kabisa, kabla fomu hazijagawiwa.

Kila mwanafunzi akariri pia namba 112. Ndiyo namba ya dharura katika nchi zote za Umoja wa Ulaya, na hupigwa bure kutoka simu yoyote.

YA KUFANYA NYUMBANI

1. Miezi sita kabla: tafuteni kadi ya chanjo, mpelekeni mtoto kwa daktari anayemjua, anzeni kushughulikia pasipoti na viza. Mtoto aliye chini ya miaka 18 atahitaji ridhaa ya wazazi au walezi wake kwa maandishi.

2. Miezi miwili kabla: malizeni chanjo, mtibiwe meno, someni masharti ya bima, jazeni karatasi ya bahasha.

3. Wiki mbili kabla: nunueni dawa za safari nzima, chukueni barua ya daktari, hakikisheni mtoto analala ndani ya chandarua.

4. Siku ya kuondoka: dawa mkobani, kikaratasi cha malaria ndani ya pasipoti, namba za simu zimeandikwa kwenye karatasi na si ndani ya simu peke yake.

5. Akirudi: chandarua tangu usiku wa kwanza. Akipata homa apimwe mara moja. Akiwa na kikohozi, vipele au alama ya kuumwa na kupe, amwambie daktari alikokuwa.

Ndugu wazazi, wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Mtoto wako anapopanda ndege, huwezi kumfuata ukakaa kando ya kitanda chake. Unachoweza kumpa ni karatasi iliyoandikwa kweli tupu, itakayosema kwa niaba yako siku ambayo yeye mwenyewe hawezi kusema. Fomu ikija, msiijaze kwa hofu. Kaeni chini, baba, mama na mtoto mwenyewe, mwandike yote. Safari njema.